Mwaka Tuliokatazwa Kukimbia

Majivu ya kuni yakilowa umande hutoa harufu kali kidogo, kama ya magadi, na kijijini kwetu kila Julai harufu hiyo ilikuwa na maana moja: Siku ya Michezo imefika. Chokaa shule haikuwa nayo. Kila mtoto alitoka nyumbani alfajiri na kopo la majivu ya jikoni kwa mama yake, na walimu waliyamwaga taratibu juu ya nyasi kuchora mistari ya kukimbilia. Shule ilikuwa juu ya Karatu, pale mashamba ya ngano na maharage yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Asubuhi za Julai ukungu ulishuka mzito hata ukisimama kwenye goli moja hulioni la pili. Tulikimbia pekupeku katika baridi hiyo, vidole vimekufa ganzi, na jioni tulirudi nyumbani nyayo zetu nyeupe kama za watu waliokanyaga unga.

Tuliumia sana siku hizo, wala hakuna aliyeshangaa. Kamba ya kuvutana ilitubandua ngozi za viganja. Mbio za magunia ziling'oa meno. Dada yangu mkubwa aliliacha jino lake la mbele katikati ya uwanja, akamaliza wa pili, akasifiwa. Katika mpira, darasa la sita na la saba walikanyagana makusudi, na baba zetu waliokaa kwenye ukingo wa uwanja walicheka, wakasema mtoto hakui bila kovu. Mwisho wa yote zilikuja mbio za kilima. Wakimbiaji walitoka langoni mwa shule, wakapanda katikati ya mashamba, wakapita kando ya msitu, wakazunguka kilima na kurudi. Aliyeshinda mbio hizo alitembea kifua mbele mwaka mzima.

Nilipokuwa darasa la nne, aliyekuwa akiongoza mbio za kilima ni Elibariki wa darasa la sita, mtoto wa jirani yetu. Penye kona ya msitu alikutana na mbogo dume mzee, wa aina ile inayofukuzwa kundini ikaishi peke yake na hasira zake. Waliomfuata walisikia vichaka vikivunjika, kisha wakamwona Elibariki amerushwa juu kuliko mahindi. Mbogo alimsubiri aanguke, akamrudia mara ya pili, na ya tatu. Mwalimu wa michezo, Mwalimu Sulle, alikuwa nyuma akiwasukuma wavivu. Alimwendea yule mnyama kwa mawe na kelele, peke yake, mpaka mbogo akarudi msituni. Sisi wadogo tuliokuwa uwanjani tulimwona Mwalimu akitoka kwenye ukungu amembeba mtu. Asubuhi alikuwa amevaa shati jeupe. Sasa lilikuwa jekundu kuanzia kolani hadi kiunoni, na mkono wa Elibariki ulining'inia ukipigapiga goti la Mwalimu kila alipopiga hatua. Walimpakia kwenye gari la watalii lililokuwa likipita barabarani. Hakufika Karatu mjini akiwa hai.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu wetu alistaafu, na Mwalimu Sulle akapewa shule. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Mwalimu Sulle aliona unyasi kila mahali. Siku ya kwanza ya muhula alisimama mstarini na karatasi ndefu akatusomea kanuni za usalama. Hakuna kukimbia ndani ya eneo la shule, iwe darasani, uwanjani au njiani kwenda chooni. Hakuna kuruka, kupanda mti, wala kubebana. Chooni tutakwenda watatu watatu. Siku ya Michezo haitafutwa, kwa kuwa wilaya inaitaka, lakini mbio zote zitakuwa za kutembea, mikono kiunoni. Mbio za ndimu zitabaki, ila kijiko kishikwe kwa mikono miwili, kisiwekwe mdomoni, maana mtoto akijikwaa kitamtoboa koo. Ile kamba ya kuvutana aliikata vipande mbele yetu kwa panga. Vipande hivyo vikawa vya kushikia: tukiwa nje, kila darasa lilitakiwa kushika kamba yake na kukaa hapo mpaka mwalimu awahesabu.

Wazazi walipiga makofi, na wazazi wangu miongoni mwao. Nani angepinga? Kaburi la Elibariki lilikuwa bado na udongo mwekundu usioota nyasi. Jambo ambalo hatukuliona siku ile ni fimbo. Mwalimu Sulle alizikata kwenye mikahawa ya zamani nyuma ya shule, na mti wa kahawa ni mgumu, haupindi. Ukikimbia, tatu. Ukiachia kamba, nne. Kufikia Mei hakuna mtoto aliyekuwa ameanguka na kuchubuka goti, lakini tukienda kuoga mtoni tuliona migongo na mapaja yetu yamechorwa mistari, mingine mibichi, mingine imeanza kuwa myeusi. Mvulana mmoja wa darasa la tatu alikimbia kwa sababu mvua ilimkuta nje. Alichapwa akiwa amelowa, na fimbo juu ya ngozi yenye maji ina mlio wake. Mwalimu hakuwa mtu wa kufurahia. Alichapa uso umekunjamana, kama mtu anayebeba mzigo mzito, na kila baada ya fimbo ya mwisho alisema neno moja, kwa sauti ya chini: "Utakuja kunishukuru."

Mimi nilikuwa mkono wake. Nilikuwa darasa la tano, mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na Mwalimu aliniteua kiranja wa usalama. Alinipa daftari lenye safu tatu alizochora mwenyewe kwa rula: jina, darasa, kosa. Kila Ijumaa nililipeleka ofisini. Nisiseme uongo kwamba niliona vibaya. Nililipenda lile daftari. Wakubwa wa darasa la saba waliniita "dada" kwa unyenyekevu, wakanigawia maparachichi yao, na nilipopita, watu walipunguza mwendo. Nilijiambia kwamba ninaokoa maisha.

Rafiki yangu wa karibu darasani aliitwa Naserian. Kwao ni Olbalbal, tambarare kavu upande wa pili wa milima ya kreta. Alikuja kwetu kukaa kwa mama yake mdogo, ambaye mume wake alikuwa mlinzi wa loji moja karibu na lango la hifadhi. Mama yake Naserian alikuwa amefariki, na aliyemlea ni bibi yake, ambaye yeye alimwita koko kwa Kimaasai. Kabla ya kuja shule alikuwa ametembea na ng'ombe wa koko tangu alipojua kutembea, asubuhi kwenda kutafuta maji, jioni kurudi. Kiswahili chake kilikuwa bado kinajikwaa, lakini miguu haikujikwaa kamwe. Nje ya shule, tukishavuka barabara ambapo kanuni haikufika, alitutangulia sote hadi mtoni na kutusubiri amekaa. Aliniuliza mara moja, "Vero, huyo Mwalimu, nani alimwambia mguu ni kitu kibaya?" Nilimwambia aangalie asije akaandikwa.

Siku ya Michezo ikafika. Mistari ya majivu ilichorwa kama kawaida, kisha tukatembea juu yake. Ilikuwa ajabu kuitazama: watoto sita sita, mikono kiunoni, wanajikaza usoni huku miguu inajizuia, na mwalimu wa zamu anatembea kando yao ameinama kuhakikisha kisigino kinagusa chini. Wazazi wengine wakaanza kucheka ndani ya khanga zao. Mwalimu Sulle hakucheka. Alimkalisha mbele, kwenye kiti cha heshima, Baba Elibariki, na mara kwa mara alimgeukia kumtazama, kana kwamba siku nzima ilikuwa imepikwa kwa ajili yake. Baba Elibariki alikuwa mkulima mpole, mwembamba. Alikaa kofia imetulia mapajani, macho yake hayakuwa juu ya michezo.

Ilipokaribia saa sita, darasa letu likiwa kwenye kamba yake likisubiri zamu, kikongwe mmoja alitokea ukingoni mwa uwanja, shuka nyekundu na buluu, mkongojo mkononi, viatu vya tairi vimejaa vumbi. Alikuwa ametembea siku nzima kutoka Olbalbal hadi barabara kuu, akalala kwa jamaa, kisha lori la magogo likampa lifti. Hakuwa amemwona mjukuu wake kwa mwaka mzima na zaidi. Naserian alimwona kabla yetu. Aliachia kamba. Alikata uwanja katikati, akapita mbele ya waliokuwa wakitembea na ndimu, shingo mbele, sketi ya shule ikipiga magotini, na sijawahi tena kuona mtu akikimbia vile. Alimfikia koko, akainamisha kichwa, na koko akakiwekea mkono kama wafanyavyo wao kwa mtoto. Kisha mkono haukuondoka.

Nilikuwa na daftari kwapani. Walimu walikuwa wameona, watoto wenzangu walikuwa wakinitazama. Nikalifungua nikaandika: Naserian, darasa la tano, amekimbia na kuachia kamba.

Ilikuwa desturi mwisho wa michezo kutoa zawadi. Mwaka ule, kabla ya zawadi, Mwalimu Sulle aliniita niende mbele na daftari. Aliwaambia wazazi kwamba anataka waone jinsi watoto wao wanavyolindwa. Akasoma majina matano. Wanne walitoka, wakalala kifudifudi juu ya nyasi, wakachapwa tatu tatu, wakarudi wakijishika. Hakuna mzazi aliyeinuka. Wakati ule fimbo shuleni ilikuwa kama chaki. Naserian alitoka wa mwisho, lakini hakulala.

"Lala," alisema Mwalimu.

"Sikukimbia kucheza, Mwalimu. Nilimkimbilia bibi yangu."

"Na Elibariki alimkimbilia nani? Lala."

Naserian alibaki amesimama. Mwalimu alimpiga akiwa wima, mgongoni, mara moja, mbili. Ya tatu alijikinga kwa mkono, na ile fimbo ya mkahawa ikatua juu ya kifundo chake. Mfupa ulivunjika kwa sauti ndogo, kavu, kama kijiti cha kuwashia moto. Aliutazama mkono wake, uliokuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi, kisha akaketi chini. Na Mwalimu, Mungu amsamehe, alikwisha kuinua fimbo ya nne.

Koko alifika kabla haijashuka. Sikujua kikongwe anaweza kufika mahali haraka hivyo. Mkongojo wake ulimpiga Mwalimu juu ya jicho, ngozi ikapasuka, damu ikashuka kama maji ya bomba. Mwalimu aliyumba na kumsukuma, kikongwe akaanguka chali. Hapo mume wa mama mdogo, yule mlinzi wa loji, aliingia na rungu. Akampiga Mwalimu begani. Baba wawili wa kijiji, ambao dakika moja iliyopita hawakuwa na ugomvi na mtu, walimrukia mlinzi kwa kuwa wameona rungu juu ya mtu wao. Mmoja alirudi akitema meno. Kisha ikawa kila mtu na yeyote aliye mbele yake. Viti vya shule vilivunjwa miguu ikawa silaha. Mawe yakaruka. Nilimwona baba yangu, mtu aliyekuwa akiwatoa mchwa kwenye kuni kabla ya kuwasha, akimshindilia ngumi kijana wa Kimaasai aliyekuja na yule mlinzi, sasa amelala chini, ngumi baada ya ngumi, na uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua. Sisi watoto tulikaa. Hilo ndilo ninaloota hadi leo. Kanuni ilisema hatari ikitokea kaa chini, shika kamba, subiri kuhesabiwa. Watoto mia mbili tulikaa kwenye mistari yetu tumeshika vipande vya kamba huku watu wazima wakiuana mbele yetu, na jiwe lilipompata msichana wa darasa la pili kichwani, yeye pia aliendelea kushika, damu ikimwingia masikioni.

Aliyeumaliza ugomvi ule ni Baba Elibariki. Aliinuka kwenye kiti chake cha heshima, akavaa kofia, akatembea katikati ya watu wale bila kuinua mkono kujikinga. Alipigwa, nilimwona akipigwa shavuni kwa mguu wa kiti. Hakusimama mpaka alipofika kwa Mwalimu Sulle, aliyekuwa amepiga magoti, damu imemziba jicho, fimbo bado mkononi. Akaichukua ile fimbo kama mtu anavyochukua kisu kwa mtoto mchanga.

"Mwalimu," alisema, "mwanangu amekwisha kufa. Humrudishi kwa mgongo wa huyu."

Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu waliacha, na walioacha wakawazuia wengine. Mwalimu Sulle alilia pale pale mbele ya shule nzima, mdomo wazi. Wanawake walimwinua koko. Mama yangu alivua khanga yake, akaufunga mkono wa Naserian kwa vipande viwili vya ubao wa kiti. Nilisogea karibu. Naserian alinitazama, akaliona daftari kwapani mwangu, akageuza uso akautazama msitu. Siku mbili baadaye koko aliondoka naye.

Shule ilifungwa wiki nzima. Wazee wa pande zote mbili, wa kijiji na wa Kimaasai, walikaa, wakapatana, wakala nyama pamoja, na hakuna aliyekwenda polisi. Tulipofungua, nilikwenda ofisini kurudisha daftari. Mwalimu Sulle alikuwa amekaa bila kuwasha taa, bandeji kichwani, na kona ya ukutani zilipokuwa zikikaa fimbo ilikuwa tupu.

"Siwezi tena, Mwalimu," nilimwambia.

Alilifungua kwenye ukurasa wa mwisho, akasoma kwa muda mrefu. "Ulijua kwamba alikuwa anamkimbilia bibi yake?"

"Nilijua."

"Mbona hukuandika?"

"Hapakuwa na safu yake."

Aliishika ile karatasi kwa vidole viwili. Halafu akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu mzima. Alisema Elibariki alipokuwa chini ya mbogo alimwita kwa jina, si "Mwalimu", bali kwa jina lake la nyumbani, na kwamba kila akimwona mtoto anakimbia huisikia sauti hiyo. "Nilitaka tu jioni niwahesabu mtimie," alisema. Mwisho wa mwaka aliomba uhamisho. Sijui aliko.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu alinisubiri miaka kumi na saba. Nilisomea uuguzi, nikapangiwa kazi Wasso, safari ya siku nzima ya basi na vumbi. Siku moja ya kliniki ya watoto aliingia mama mrefu na mtoto wa miezi tisa kwa ajili ya chanjo. Alipomnyoosha mtoto nikakiona kifundo chake cha mkono, kimeungana upande. Tulitambuana papo hapo. Nilimaliza kazi yangu, nikamfuata nje, nikamwambia niliyokuwa nimeyabeba. Alinisikiliza huku akinyonyesha.

"Vero, mkono ulipona," alisema. "Nilitaka kurudi shule. Koko ndiye alikataa. Aliniambia hutatoka tena machoni pangu, wasije wakakuua. Alinifungia bomani mpaka nikaolewa. Alinipenda sana, koko." Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayetaja mvua ya mwaka fulani. Kisha akaniuliza kama sindano itampandisha mtoto homa, nikamwambia ndiyo, kidogo.

Siku hizi naishi Karatu mjini, na binti yangu Anna yuko darasa la tano. Shule yake haina fimbo, na namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Ina fomu. Siku ya Michezo ikikaribia, mzazi huletewa kurasa nne: kofia ngumu kwa mbio za baiskeli, maji ya chupa, gari la wagonjwa langoni, watoto wasiguse puto lililopasuka. Mwaka jana walifuta mbio za magunia kwa kuwa mmoja alitoka damu puani, na wazazi tukapiga makofi. Hakuna anayechapwa; mtoto akikimbia pasipotakiwa, anaitwa pembeni na kuzungumza na mwalimu mwenye sauti laini. Nikipima, watoto wa leo wako salama kuliko sisi, na ni mwongo atakayesema enzi zetu zilikuwa bora. Tulizika mtoto. Tulivunjana mifupa. Lakini nimekaa pande zote mbili za lile daftari, na nimejifunza kwamba hofu ya mtu mzima ni mzigo ambao mara nyingi hubebeshwa mtoto, na haijalishi sana kama umefungwa kwa fimbo au kwa karatasi.

Ningependa kumalizia hapo, nikionekana mwenye hekima. Ila Jumatatu iliyopita Anna alileta fomu ya mwaka huu. Kuna mbio fupi za nyika, nje ya ukuta, kwenye njia ya mashamba. Askari wa wanyamapori atakuwepo mbele na mwingine nyuma. Mzazi aweke alama: naruhusu, siruhusu. Anna alisimama kando ya meza na kalamu, akinisubiri. Amerithi miguu mirefu ya baba yake, na anakimbia vizuri. Kila mtu husema.

"Mama, askari watakuwa wawili," alisema.

Niliishika kalamu mpaka chai ikapoa. Nilisikia vichaka vikivunjika. Nikaweka alama kwenye siruhusu, nikatia saini, nikampa. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa sketi, akatoka nje akitembea polepole, kisigino kwanza.